Hadithi ya Uwindaji Isikatwe Katikati

Jioni za Kedowa ni za baridi mwaka mzima, na mwezi wa Julai ndiyo usiseme. Ng'ombe wakisha kamwa na zizi likafungwa, watu hukaa motoni, na mahali palipo na wazee mazungumzo hayachukui muda kufika porini. Huyu atasimulia nyati, yule simba, na wa tatu atasema ya kuwa hao wote ni wanyama wadogo, yeye alimwona ndovu aking'oa mti. Nami nimekulia katika hadithi hizo. Sitaki mtu adhani naandika kuzikataza.

Naandika kwa sababu ya mtamba wa dada yangu.

Mwaka jana mtamba huyo, mwenye mimba ya miezi saba, alifuata majani ukingoni mwa msitu akanaswa mguu wa nyuma katika mtego wa waya. Alipatikana siku ya pili. Waya ulikuwa umekata mpaka mfupa, na daktari wa mifugo alipofika hakuwa na shauri lingine ila achinjwe. Wewe mkulima wajua hesabu ya jambo hilo bila mimi kuiandika: mtamba amekwenda, ndama amekwenda, na maziwa ambayo dada alikuwa ameyawekea karo ya mtoto yamekwenda. Nyama iliuzwa kwa majirani kwa bei ya huruma. Tukauliza ni nani aliyetega. Hazikupita siku mbili, ikajulikana: kijana wa miaka 17, mjukuu wa mjomba wangu mwenyewe, pamoja na wenzake wawili na mbwa wanne. Walikuwa wakitafuta pongo.

Tulipomwuliza kwa nini, hakusema njaa. Nyumbani kwao kuna ugali, kuna mursik, kuna viazi. Alisema alitaka naye awe na la kusimulia.

Neno hilo lilinikaa moyoni kuliko hasara yenyewe. Kwa maana aliyemfundisha kijana yule ni mjomba, na aliyekuwa akicheka na kuomba hadithi iendelee, usiku baada ya usiku, ni mimi.

Mjomba alikuwa mbeba bunduki. Tangu mwaka 1966 mpaka 1977 alifuatana na wawindaji wa kizungu na wageni wao, zaidi upande wa Narok. Ni mtu hodari, na sisemi hivyo kwa kuwa ni ndugu ya mama. Akiutazama wayo wa mnyama atakuambia ni dume au jike, kama amepita kabla ya umande au baada yake, na kama alikuwa akila au akikimbia. Mfukoni alichukua majivu katika kitambaa, akikitikisa ili aone upepo unakokwenda. Mambo hayo yote ameyasimulia. Nasi vijana tulijua hadithi zake kama watu wajuavyo nyimbo: hapa mgeni anatetemeka, hapa nyati anainua kichwa, hapa bunduki inalia, hapa watu wanapeana mikono. Kisha mjomba hunyamaza, hunywa chai, na hadithi imekwisha.

Baada ya shauri la mtamba nilimwendea peke yangu. Nikamwuliza, "Mjomba, baada ya kupeana mikono ilikuwaje?" Alinitazama muda mrefu. Ndipo akanieleza jambo ambalo hata mama yangu hakulijua.

Safari moja mgeni alipiga nyati vibaya, risasi ikaingia tumboni. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii tu. Huingia kichakani, huzunguka, kisha husimama kando ya njia yake mwenyewe akiwangoja wanaomfuata. Kila mwindaji ajua hivyo, na ndiyo sababu haifai kumwacha nyati wa namna hiyo porini apate kuua mchunga ng'ombe asiye na habari. Basi wakafuata damu. Mbele alikuwa mfuata nyayo, rafiki wa mjomba. Nyuma yake mjomba na bunduki ya pili. Nyuma kabisa mgeni. Nyati alitokea ubavuni. Rafiki yake alifariki kabla ya jua kutua. Mgeni alipiga picha na pembe kesho yake, kwa kuwa ndege yake ilikuwa ikingoja Nairobi. Mjomba ndiye aliyetumwa kupeleka blanketi na mshahara wa mwezi kwa mjane. Jina la marehemu silitaji hapa, watu wake wapo.

"Kwa nini hukusimulia hivyo?" nikamwuliza.

"Watoto hawapendi," akasema. "Na mimi pia sipendi."

Ndugu mkulima, shauri langu ni hili tu: hadithi isikatwe pale inapokuwa tamu. Na kosa hili si la mjomba peke yake, wala si la Wakipsigis, wala si la watu weusi. Wakubwa wa dunia wamelifanya kabla yetu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Baba na mwana wakawinda nchi hii mpaka Uganda na Kongo, na kwa hesabu yao wenyewe waliua wanyama 512, wengi wakapelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Roosevelt aliandika safari hiyo kwa ajili ya jarida la Scribner's, akalipwa dola 50,000, na baadaye ikawa kitabu. Je, wapagazi zaidi ya mia mbili waliobeba mahema, chumvi ya ngozi na vitabu vyake walilipwa nini kwa hadithi yao? Hakuna aliyewauliza hadithi.

Humo ndani wamo majirani zetu pia. Kule Uasin Gishu Roosevelt aliwatazama Wanandi wakimzunguka simba kwa mikuki na ngao, simba akamrukia mmoja wao na kumrarua kabla hajauawa. Na katika misitu ya Mau Kermit alipata bongo kwa kuongozwa na Wandorobo, ambao leo twawaita kwa jina lao wenyewe, Ogiek. Waliojua msitu walikuwa hao. Hadithi ikabaki na mwenye bunduki.

Tena kuna jambo ambalo wazee wetu hawalisemi sana mbele ya watoto, nalo ni la sheria. Tangu kanuni za mwaka 1900 uwindaji ukawa wa leseni, na leseni ikawa ya mwenye fedha. Mzungu mwenye karatasi akiua nyati aliitwa mwindaji. Babu yako akiua paa kwa mshale aliitwa mwizi, na Bwana Nyama alimtuma askari. Uchungu huo ni wa kweli, nami siufichi. Ndiyo maana kijana akinaswa na askari siku hizi hujitetea kwa kusema, "Hata babu aliwinda." Lakini babu hakuwinda kwa waya wa seng'enge uliokatwa kwenye ua wa jirani. Alikwenda na wenzake, kwa siku iliyojulikana, na kila ukoo ulikuwa na mnyama wake. Mtu wa ukoo wa ndovu hakumgusa ndovu, wa simba hakumtukana simba. Waya haujui ukoo. Hauchagui pongo wala mtamba, mbwa wala mtoto aliyetumwa kuokota kuni. Wala haumchagui bongo, ambaye kwa makisio ya wataalamu waliobaki porini katika nchi hii yote hawafiki 100, na Mau ni mojawapo ya mahali pachache alipobaki.

Wapo wakulima watakaonijibu ya kuwa uwindaji wa leseni urudishwe, ili mkulima aliyeliwa mahindi apate nyama na fedha. Nimelisikia neno hilo sokoni Londiani na katika mikutano ya chifu. Jirani zetu Tanzania wanao uwindaji wa namna hiyo, wala si wapumbavu. Hapa kwetu Serikali ilipiga marufuku mwezi wa Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe na ngozi. Mjomba alirudi nyumbani na viatu vya ngozi na blanketi, kazi imekwisha kwa siku moja. Na marufuku peke yake hayakutosha kumwokoa mnyama: mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikisiwa kuwa 167,000, na mwaka 1989 walikuwa kama 16,000 tu, kwa ajili ya majangili na watu wakubwa waliowanunulia pembe. Ndipo likaundwa Shirika la Wanyamapori, KWS, na polepole idadi ikapanda. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280.

Basi sisemi ya kuwa sheria ni dawa ya kila kitu. Lakini anayetaka leseni zirudi anijibu kwanza swali moja. Katika miaka ile ya leseni, ni shilingi ngapi zilizofika kwa mwenye shamba, na ngapi kwa mfuata nyayo? Mimi nimemwuliza aliyekuwapo. Alinionyesha viatu.

Na wewe mwenye shamba karibu na msitu, ambaye nyani na nungunungu wanakula jasho lako, usidhani nakuhubiria kwa raha zangu. Kipande changu mwenyewe kinapakana na miti. Baba zetu walipopewa mashamba haya baada ya 1962, kwa deni la Settlement Fund, walipewa pamoja na msitu kama jirani, na jirani huyo hana mlango. Sheria ya mwaka 2013 iliandika fidia: shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni tatu kwa aliyelemazwa, na kwa mimea na mifugo hasara ikadiriwe. Malipo hayo yamewachelewesha watu wengi kwa miaka, na si vizuri gazeti hili lijifanye halijui. Hata hivyo asiyeandikisha hasara yake hawezi hata kucheleweshewa. Piga picha, mwite chifu, nenda ofisi ya KWS ujaze karatasi mapema, wakati nyayo zingali mbichi na kila mtu anaweza kuziona.

Nyayo, nasema. Hapo ndipo mzee mwindaji ana kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya. Afisa akija shambani na kuuliza ni mnyama gani aliyekula, nusu yetu twasema "ni mnyama" na kunyamaza. Mjomba atakuambia ni nguruwe mwitu watatu, mmoja kilema, waliingia kwa pengo la ua karibu na mti wa msabuni na kutoka kwa hilo hilo. Ukiziba pengo hilo kwa miti na miiba umefanya zaidi ya mitego kumi. Atakuambia pia kama nyati amekunywa mtoni alfajiri, usiwapeleke watoto na ng'ombe huko asubuhi hiyo. Ujuzi huo ni mali, nao utakufa pamoja na hao wazee, kwa maana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa marufuku amekwisha pita 65. Tumewaomba kwa muda mrefu watupe bunduki na mngurumo tu. Hatukuwaomba macho yao.

Mwalimu mmoja wa hapa alinishauri ya kuwa afadhali hadithi hizi ziachwe kabisa, watoto wasome vitabu. Sikukubaliana naye. Mtoto asiyesikia habari za porini kwa babu atazisikia kwa mwenzake mwenye mbwa wanne, na huyo hana mjane wa kumkumbuka.

Shauri la mtamba tulilimaliza nyumbani, mbele ya wazee na mzee wa kijiji. Mitego yote ilitolewa. Ilikuwa 23, na kijana mwenyewe ndiye aliyeonyesha kila mmoja ulipo, huku akilia. Baba yake ametoa ndama jike kwa dada yangu. Kijana anafanya kazi ya kukata majani ya ng'ombe kwa dada kila Jumamosi mpaka ndama huyo azae, ambayo ni miaka miwili kwa hesabu nzuri. Dada alisema hiyo ni adhabu yake yeye pia, kwa kuwa lazima ampikie.

Na usiku mmoja mjomba alisimulia tena hadithi ya nyati, wajukuu wote wakiwapo. Safari hii hakunyamaza pale watu walipopeana mikono. Aliendelea mpaka kwenye blanketi, na mpaka mlango wa mjane, na alivyosimama hapo asijue atamke nini kwanza. Hakuna aliyeomba hadithi nyingine usiku huo. Lakini asubuhi, umande ukiwa bado majanini, niliwaona wawili wameinama mtoni, mzee na yule kijana. Mzee alikuwa akionyesha kitu matopeni kwa fimbo, na kijana alikuwa amepima wayo ule kwa kiganja chake. Niliuliza ni wa nini. Kijana akanijibu kabla ya babu yake: pongo jike, na mtoto wake nyuma.

Nikawaacha. Ng'ombe walikuwa wakingoja kukamuliwa.