Paa la Darasa Lina Maji, Mbona Tunayamwaga?

Hebu nikuulize: shule yako ya msingi ilikuwa na mifereji ya kukinga mvua kwenye paa? Na kama haikuwa nayo, yale maji yote yalikwenda wapi?

Ukisikia mabadiliko ya tabianchi labda unawaza barafu inayoyeyuka huko mbali. Huku Lamu tunayahesabu kwa mitungi. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na kaunti yetu imo kwenye orodha hiyo. Tatizo la kisiwa ni kwamba chini ya ardhi maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi. Mvua ikikosa na sisi tukizidi kuteka, chumvi inapanda. Kisima kwisha.

Shule inaingiaje hapo? Mtoto akitumwa maji alfajiri, darasani anafika amechelewa na amechoka. Uji wa shule nao haupikwi kwa dua. Halafu nyumbani, pesa ya maji na pesa ya karo zinatoka mfuko mmoja. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili kwa kukosa karo, kwa hivyo mfuko huo naujua vizuri.

Na mvua ikija, inakuja kwa fujo. Mwaka 2024 mafuriko yalifanya shule nchi nzima zifunguliwe Mei 13 badala ya Aprili 29. Yaani mwaka huu kiu, mwaka ule gharika, na katikati hatujaweka akiba.

Wazee wetu hawakungoja semina. Kisiwani Pate walijenga jabia, birika kubwa za mawe na chokaa za kukingia mvua, na watu wangali wanazitegemea. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo. Piga hesabu nami: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 8 ni mita 160 za mraba. Tuseme mwaka ni mbaya, mvua ni milimita 500 tu, na tumepoteza moja kwa tano. Bado unabaki na lita 64,000. Hiyo ni mitungi 3,200 ya lita 20! Kwa wanafunzi 200, kila mmoja anapata zaidi ya lita moja na nusu kila siku ya shule.

Na hesabu hiyo ndiyo somo lenyewe. Wanafunzi wapime mvua, wapime paa, wajue tangi la kiasi gani linatosha, kisha wakafundishe nyumbani. Hapo elimu ya mazingira itakuwa imetoka kwenye bango la ukutani.

Kwa hivyo siku NG-CDF ikija kwenu kuzindua darasa jipya, usipige makofi tu. Inua mkono uulize: maji ya paa hili yanaenda wapi?