Filamu za Makumbusho na Jembe la Unyamwezi

Makumbusho makubwa ya Ulaya na Asia yameshika desturi njema. Hayatosheki tena na kuweka chombo cha kale ndani ya kabati la kioo. Hutoa pia filamu fupi za video zinazomwonyesha fundi akitengeneza chombo cha namna ile ile kwa njia ya wahenga wake. Huyu anafua upanga wa Kijapani, yule anafinyanga mtungi wa Kiyunani. Kijana wa Tabora mwenye simu mkononi aweza kuzitazama usiku kucha, wala hatuna ugomvi naye, maana ilimu haina mipaka. Tunalouliza ni hili: akitaka kuona jembe la babu zake lilivyofuliwa, atatazama wapi?

Swali hilo si dogo kwa mji huu. Habari za njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, zimezoeleka kusimuliwa kwa pembe za ndovu, watumwa na wapelelezi wa Kizungu. Hata tembe la Kwihara, lililofanywa makumbusho, sifa yake kubwa ni kwamba Livingstone na Stanley walikaa pale mwaka 1872. Ilhali njia hiyo ilibeba pia kazi ya mikono ya Waafrika. Wahunzi wa Usumbwa na Uzinza waliyeyusha mawe ya chuma, na majembe yao yakaletwa Tabora. Jembe hilo lililimia, lilitolewa mahari, na lilitumika kama fedha. Ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekaa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikadiria kuwa majembe yaliyoletwa kuuzwa yalifikia 150,000. Kadhalika Burton, aliyefika mwaka 1857, aliwakuta Wanyamwezi wakifuma nguo za pamba. Baadaye merikani ikamshinda mfumaji, na jembe la kiwandani kutoka ng'ambo likazima tanuri la mhunzi. Hivyo ndivyo ubeberu ulivyofanya kazi, kimya kimya, dukani.

Baadhi ya kazi za mafundi hao zimesalia, lakini mbali. Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yanacho kiti cha enzi cha Kinyamwezi cha karne ya 19, chenye egemeo refu lililochongwa umbo la mtu. Jina la kabila lake limehifadhiwa. La mchongaji halikuandikwa.

Kwamba ufundi waweza kuokolewa hata saa ya mwisho, wenzetu wa Buhaya wamethibitisha. Katika miaka ya 1970 wazee wa huko, pamoja na wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miaka mingi. Wazee walikumbuka jambo ambalo hakuna kipande cha mavi ya chuma kingeweza kulisema waziwazi: shimo la tanuri hujazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, na mirija ya udongo ya mivukuto huingizwa ndani kabisa ili hewa ipate moto kabla ya kufika penye makaa. Mwaka 1978 habari hizo zilichapwa katika jarida la Science, na mwaka 1988 ikatoka filamu yake, The Tree of Iron. Wazee wale wangefariki kabla ya jaribio hilo, tungebaki na vipande vya udongo tu.

Tabora bado inao mafundi walio hai. Mhunzi wa leo hufua jembe na shoka kwa chuma chakavu cha magari. Mfuga nyuki wa Sikonge bado anajua kubandua gome la mti wa miombo na kulishona liwe mzinga. Maofisa wa misitu husema kubandua magome huua mti, na hapo hawakosei. Mizinga ya mbao inastahili kuenea. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mzinga wa magome unahitaji filamu upesi, kwani ilimu hiyo itahifadhiwa kwa mti mmoja badala ya maelfu.

Kazi hiyo isifanywe kiholela. Fundi atajwe jina na alipwe ujira wake. Aeleze kwa Kinyamwezi, na tafsiri ya Kiswahili iandikwe chini. Kamera isimkatize kwa kukimbilia kitu kilichokwisha kamilika, kama zifanyavyo baadhi ya filamu za wenzetu. Ikae kwenye mikono, hata pale fundi anapokosea na kurudia. Nakala moja ikae Makumbusho ya Taifa, nyingine Kwihara, na nyingine shuleni.

Magome hubanduka kwa urahisi wakati wa mvua, mti ukiwa umejaa maji. Maofisa utamaduni wa wilaya waanze sasa kuwaorodhesha mafundi, mvua isije ikawakuta hawajajiandaa.