Mvinyo wa Italia, tangawizi ya Same: fedha za Wapare wa mjini ziende wapi?

KILA mwaka unapokaribia kwisha, mabasi na magari madogo yanayotoka Dar es Salaam kwenda Same hujaa watu wanaorudi nyumbani. Hupanda milima kwenda Mamba, Gonja, Chome, Mbaga na Suji, hula sikukuu na wazee, na kabla hawajateremka huzuka mazungumzo yale yale: tuifanyie nini nyumbani? Mmoja atapendekeza ununuzi wa shamba. Mwingine atataka kiwanda. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mhasibu, atauliza faida itapatikana lini, na kikao kitaahirishwa hadi mwaka unaofuata.

Swali hilo si la Wapare peke yao. Ulaya na Marekani wapo madaktari, mawakili na wafanyabiashara ambao, wakishatosheka na nyumba na magari, hutafuta mahali pa kuweka akiba panapopendwa na moyo. Mojawapo ni mashamba kongwe ya mizabibu ya Italia, hasa katika mkoa wa Toscana. Wengine hununua shamba zima, wengine huchangishana na kuchukua sehemu. Wengi wao hawakuvutwa na hesabu ya faida. Wanapenda mvinyo, wanakipenda kilima kile, na wanataka chupa iliyo mezani iwe na uhusiano na jina lao. Wenye mashamba wenyewe wana mzaha kwamba njia ya uhakika ya kupata utajiri mdogo katika mvinyo ni kuanza na utajiri mkubwa.

Makala haya hayana nia ya kumshawishi msomaji apeleke fedha zake Toscana. Linalostahili kuchunguzwa ni kitu ambacho wanunuzi wale wanakilipia. Ardhi ya Chianti ina mawe mengi na miteremko mikali, na mtu asiyejua historia angeweza kuipita bila kugeuza shingo. Kinacholipiwa pale ni jina. Mwaka 1716 Mtawala Mkuu wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitoa amri iliyotaja mipaka ya eneo ambalo mvinyo wake ungeruhusiwa kuitwa Chianti. Mwaka 1924 wakulima na wazalishaji 33 walikutana katika mji mdogo wa Radda wakaunda chama cha kulilinda jina hilo, na alama yao ni jogoo mweusi. Serikali ya Italia ikaja na sheria ya kitaifa ya majina ya asili ya mvinyo mwaka 1963. Anayenunua hisa katika shamba la huko ananunua kazi ya karne tatu ya kuwazuia wengine kutumia jina lisilo lao.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa ukoo wa Ricasoli, wenye ngome ya Brolio tangu mwaka 1141. Katika ukoo huo alitoka Bettino Ricasoli, waziri mkuu wa pili wa Italia iliyoungana, ambaye mwaka 1872 aliandika kanuni ya kuchanganya zabibu iliyokuja kuutambulisha mvinyo wa Chianti duniani. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 20 biashara na jina la mvinyo wa Brolio viliangukia mikononi mwa Seagram, kampuni kubwa ya vileo yenye asili ya Canada, kisha Hardys ya Australia. Ukoo ulibaki na ngome, ardhi na mizabibu yake, na zabibu zikaendelea kuvunwa, ila chupa ilikuwa ya mwingine na sifa ya mvinyo ikaporomoka. Ilipofika mwaka 1993, Francesco Ricasoli alilazimika kutoa fedha kulirudisha jina la mababu zake mwenyewe.

Mtu mwenye ardhi, mazao na historia, lakini asiye na jina sokoni: msomaji anayeifahamu Same Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Katika miteremko ya Mamba na Myamba, tangawizi ndiyo inayosomesha watoto na kujenga nyumba. Hulimwa na familia katika mashamba madogo, hukaa ardhini miezi minane hadi kumi, na ikishang'olewa haimsubiri mtu. Mnunuzi huja na lori lake, gunia hushindiliwa na kuwekewa kilemba cha lumbesa, ingawa Wakala wa Vipimo umeipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na safari ya kuteremka huanza. Mzigo ukifika Kariakoo au ukivuka mpaka kuingia Kenya, unaitwa tangawizi tu. Jina la mlima limeachwa njiani.

Kahawa ya Pare ilikwisha kupatwa na jambo kama hilo, tena kwa njia ya ajabu. Nchini Japan, kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa huko, arabika iliyooshwa kutoka Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, huweza kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, na hata mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa hiyo huweza kulibeba jina hilo. Kahawa iliyokusanywa na vyama vya msingi chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Vuasu, ikifika Tokyo, huwa imehamishwa kabila na wilaya. Haidhuru, atasema mtu, mradi imenunuliwa. Inadhuru, kwa sababu mnywaji aliyeipenda hana njia ya kuiomba tena.

Jitihada za kuongeza thamani zilikuwapo. Kiwanda cha tangawizi cha ushirika wa wakulima wa Mamba Myamba kilizinduliwa mwaka 2012 na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, baada ya kupiganiwa kwa nguvu na mbunge wa Same Mashariki, Anne Kilango Malecela. Wazo lilikuwa sahihi: tangawizi iliyokaushwa na kusagwa haiozi, na asiyeogopa kuoza kwa mali yake hupanga bei akiwa ameketi. Hata hivyo, kiwanda hicho kimepita katika vipindi vya kusuasua. Mashine peke yake haiuzi. Unga wa tangawizi usio na jina hushindana kwa bei na unga wa India na China, na mkulima wa mlimani hana ubavu wa kushinda shindano la namna hiyo.

Dodoma inathibitisha jambo hilo hilo kwa zao la mvinyo wenyewe. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika karne iliyopita, na hali ya hewa ya huko inaruhusu mavuno mawili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Toscana angelionea wivu. Mwekezaji Mtaliano aliingia Hombolo na kujenga kiwanda cha Cetawico. Serikali nayo ilisaidia: katika bajeti ya mwaka 2017/18 ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani uliwekwa Sh200 kwa lita, wakati mvinyo wa nje ulitozwa zaidi ya Sh2,000. Wafanyakazi wengi wa mijini wakavutiwa, wakachukua ekari zao. Pamoja na hayo, vilifuata vipindi ambavyo wakulima walilalamika hadharani kwamba zabibu zinawaozea kwa kukosa wanunuzi. Ekari ziliongezeka haraka kuliko wanunuzi wa mchuzi wa zabibu, na aliyeumia kwanza ni yule aliyekuwa na ekari bila mkataba.

Kwa hiyo Mpare wa mjini anayefikiria kununua shamba mlimani afikiri mara mbili. Kisheria, kwanza, hakuna shamba la kununua kwa maana ya Kitaliano. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ile ya vijijini inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999. Mtu hupata haki ya kuitumia, na hulipia yaliyofanywa juu yake. Pili, viwanja vya mlimani vimekatwa vipande vidogo kwa urithi wa vizazi, na kila kipande kina shangazi na binamu zake. Watani wa Wapare husema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kufuata kesi ya kuku. Ni utani, lakini mahakama za mwanzo zinazijua kesi za mipaka ya mashamba.

Tatu, ambalo ni zito kuliko hayo mawili, shamba la Upare bila maji si shamba. Utajiri wa kale wa milima hii ni ndiva, yale mabwawa madogo yaliyochimbwa kwa mikono, mengi yao na koo, ambayo hujazwa usiku kwa maji ya vijito na kufunguliwa mchana ili maji yapite katika mifereji kwa zamu. Ndiva ya Manoo, katika eneo la Bangalala, imeandikwa na watafiti hata kujulikana vyuoni Ulaya. Ndiva inaishi kwa msaragambo: watu hutoka pamoja kuzoa tope na kuziba nyufa, na asiyetoka hulipa. Mwenye hisa aliyekaa Mbezi au Tegeta hazoi tope. Anaweza kutuma fedha, lakini zamu ya maji hupangwa na waliopo, na ni haki iwe hivyo. Juu ya desturi hiyo ipo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayodai kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inayokitoa. Juu zaidi kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ambako miti ya mkulo ilipasuliwa mbao kwa wizi kwa miaka mingi. Msitu ukiisha, kibali kitakuwa karatasi.

Fedha za mjini, basi, zina mahali pengine panapofaa zaidi, napo ni kati ya shamba na soko. Hapo ndipo zinapokosekana maghala, vikaushio, vipimo vya ubora, vifungashio na mtu wa kuzungumza na mnunuzi wa Dubai au Hamburg. Chama cha ushirika, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, humpa kila mwanachama kura moja hata awe na hisa nyingi kiasi gani. Mwenye fedha wa mjini hukunja uso akisikia hivyo. Lakini kinga hiyo ndiyo inayomwezesha mkulima wa Mamba kulala usingizi. Anayetaka kura kwa uzito wa fedha zake anaweza kuunda kampuni itakayoingia ubia na ushirika, mkataba ukieleza wazi kwamba jina ni mali ya wakulima na kampuni inaazimwa tu. Kipengele hicho kikikosekana, yaliyoupata ukoo wa Ricasoli yatajirudia mlimani, isipokuwa hapa hatapatikana tajiri wa kulikomboa jina baadaye.

Wapo watakaosema wakulima ni wagumu na hawawaamini wasomi wao. Wana sababu ya kihistoria. Mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi makao ya wilaya Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukisia mali ya kila mtu, na wakapiga kambi hapo kwa siku nyingi. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukisiwa, yaani mtu mwingine kukaa na kuamua mali yao ina thamani gani kwa kipimo wasichokiona. Mnunuzi wa lumbesa anafanya jambo lile lile kila msimu, na kampuni ya ndugu wa mjini inaweza kulifanya pia, kwa tabasamu na kwa Kipare kizuri.

Linabaki suala la sheria ya kulinda jina lenyewe. Zanzibar ilikwisha kuweka ulinzi wa majina ya asili ya kijiografia katika sheria yake ya mali ya viwanda ya mwaka 2008, ikiwaza karafuu zake. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 ilitungwa kwa ajili ya nembo za wafanyabiashara, na haikuwaza wanavijiji wa mlima mmoja wenye jina moja. Wabunge wa Same na Mwanga wangeweza kulibeba jambo hili kabla ya kuomba kiwanda kingine.

Wakulima nao wana kazi ya kuchora mipaka: tangawizi ya Same ni ya vijiji vipi, vya urefu gani mlimani, iliyokomaa kwa miezi mingapi, na nani atamfukuza anayechanganya. Itakuwa mivutano, maana Mamba watataka wao tu, na majirani zao watadai nao wamo. Huko Toscana, mwaka 1932, serikali ilipanua eneo lililoruhusiwa kutumia jina la Chianti hadi mbali sana na vile vilima vya amri ya 1716. Wenye jina la asili hawakuweza kulirudisha peke yao, na mpaka leo wanalazimika kuongeza neno Classico kwenye chupa ili mnunuzi awatofautishe na walioingizwa baadaye.