Siku Moja London, na Jiwe Lisilotaja Majina



Wapendwa taifa la Mungu, siku hizi si ajabu kusikia kwamba muumini fulani wa Ipuli anasafiri ng'ambo. Huyu ana mwana anayesoma huko, yule amealikwa mkutanoni, mwingine anakwenda kuhiji. Mara nyingi safari huwa na kituo katikati: ndege hutua alfajiri katika mji mkuu wa nchi ya watu, na ile ya kuendelea na safari huondoka usiku au kesho yake. Ndipo huulizwa swali: kwa siku hiyo moja, mtu aone nini? Leo napenda kutoa maoni yangu, nikichukua mfano wa London, kwa kuwa mji ule una habari inayotuhusu sisi wa Tabora kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Ushauri wa kawaida unafahamika. Ukiwa na viza ya kukuruhusu kutoka uwanjani, panda treni ya chini ya ardhi kutoka Heathrow, na baada ya muda wa saa moja hivi umefika mjini. Tazama saa kubwa ya Bunge, jumba la kifalme la Buckingham, mto Thames na madaraja yake. Piga picha kila mahali, watumie ndugu, kisha urudi mbio uwanjani.

Sisemi kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Macho ni zawadi ya Mungu, na kazi njema ya mikono ya wanadamu inastahili kutazamwa. Lakini mtu aliyeviona vitu kumi kwa saa sita hakukaa na hata kimoja. Hurudi na picha zinazofanana na zile za kalenda ukutani. Tena wakati mwingine hurudi na mzigo mbaya zaidi, yaani dharau: barabara za kwao zinamchefua, nyumba za kwao zinamtia aibu, kana kwamba siku moja ya kutembea imemfanya mwenyeji wa kule na mgeni wa huku.

Tujifunze kwa Mtume Paulo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, chatueleza kwamba Paulo alikuwa Athene akiwangojea Sila na Timotheo. Naye basi alikuwa msafiri aliyekwama kituoni katika mji mashuhuri wa wageni. Alitembea, akatazama. Lakini katika wingi wa mahekalu na sanamu alisimama mbele ya madhabahu moja, iliyoandikwa kwa ajili ya mungu asiyejulikana, na kutokana na jiwe hilo moja akapata neno la kuwaambia watu wa Athene. Hakuhitaji kuona kila kitu. Alihitaji kukiona kimoja kwa makini.

Kwa mtu wa Tabora, jiwe hilo liko London, katika kanisa la Westminster Abbey. Ni kaburi la David Livingstone, aliyezikwa humo tarehe 18 Aprili 1874. Maandishi yake yanaeleza kwamba aliletwa na mikono miaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Jiwe halisemi.

Basi na tuseme sisi. Livingstone alikaa Kwihara, hapa hapa kwetu, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, na baada ya Stanley kuondoka mwezi Machi alikuwa akingoja watu wa kumsindikiza. Walipofika aliondoka nao, na tarehe 1 Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kuelekea pwani. Kati yao walikuwamo Abdallah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na mpishi Halima. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, ambako Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Walipotambua kwamba watu wa njiani hawapendi maiti ipitishwe katika nchi yao, waliufunga mwili mfano wa mtumba wa nguo, wakaendelea na safari. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mwili ukapokewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walikuwa wametembea kiasi cha kilomita 1,600 kwa muda wa miezi tisa.

Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyefika London kwa mazishi, akawa miongoni mwa wanaume wanane waliolisindikiza jeneza kwa heshima. Susi na Chuma walifika baadaye mwaka huohuo, mazishi yakiwa yamekwisha.

Sasa sikilizeni neno hili. Wainwright alirudi Afrika, na mwaka 1892 alifariki Urambo. Naam, Urambo hii yetu, magharibi mwa Tabora. Mtu aliyesimama kando ya jeneza lile katika kanisa la wafalme wa Uingereza alimaliza mwendo wake katika mkoa wetu. Ni wangapi kati yetu tunaojua? Ni wangapi tumewahi kuwasimulia watoto wetu habari zake, au kuwapeleka Kwihara kuliona tembe lililo kilomita chache tu kutoka mjini?

Ndiyo maana nasema kwamba siku moja katika mji mkubwa yatosha, mradi msafiri ajue anatafuta nini. Anayetoka kwao bila kuijua habari ya kwao atapita juu ya jiwe lile kama anavyopita juu ya sakafu. Anayeijua atasimama, atawaombea wale ambao majina yao hayakuandikwa, na atarudi nyumbani akiwa na heshima kubwa zaidi kwa njia ya vumbi waliyoikanyaga wapagazi. Mizigo iliyopita katika njia ile ilikuwa mingi, ikiwamo pembe za ndovu na, kwa huzuni, wanadamu waliofungwa minyororo. Lakini ilipita pia uaminifu, mabegani mwa watu wanyonge.

Kwa atakayebahatika kupita London, naongeza mambo mawili. Kwanza, Westminster Abbey huwatoza watalii kiingilio, lakini anayekwenda kusali ibadani halipi, na siku ya Dominika watalii hawapokewi kabisa. Pili, mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka hapo liko Kanisa Kuu Katoliki la Westminster, lililofunguliwa mwaka 1903, lenye mnara mrefu wa matofali mekundu na mistari ya mawe meupe. Kama siku yako ya kupita ni Dominika, uanzie huko kwenye Misa. Safari isiwe kisingizio cha kumsahau yeye aliyekufikisha salama.

Na sisi tusiokuwa na tiketi ya ndege tusijione tumepungukiwa. Waraka kwa Waebrania watukumbusha kwamba hapa duniani sote hatuna mji wa kudumu. London ni kituo, na Ipuli ni kituo. Tutaulizwa tulimbeba nani njiani, na kama tulimfikisha. Majina ambayo mawe hayakuyataja, Mungu anayo.

Nawatakieni Dominika njema.