Gitaa la uzi mfupi si gitaa la watoto

Kuna hukumu ambayo wapiga gitaa hurithishana bila kuikagua: kwamba gitaa la umeme lenye uzi mfupi ni la kujifunzia tu, na mpigaji akikomaa hulivua kama sare ya shule. Urefu unaozungumzwa hapa ni wa ile sehemu ya uzi inayotetema, kuanzia kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja. Stratocaster na Telecaster zina inchi 25.5, Les Paul ya Gibson ina kama inchi 24.75. Musicmaster na Duo-Sonic, zilizotoka kiwanda cha Fender mwaka 1956, zina inchi 22.5, na Mustang iliyozifuata mwaka 1964 iliuzwa kwa urefu wa inchi 22.5 au 24. Kwa sababu ya inchi hizo chache zilizopungua, magitaa haya yamebandikwa jina la mwanafunzi kwa zaidi ya nusu karne, na wanaowauzia vijana vyombo bado wanalirudia. Nasema jina hilo ni la uongo. Lilizaliwa kwenye orodha ya bei, wala halikutokana na jinsi gitaa linavyosikika au linavyopigika.

Mwaka 1956 Leo Fender alitaka gitaa ambalo familia ya kawaida ingeweza kumnunulia kijana. Akapunguza mapambo na vipuri, Musicmaster ikabaki na kinasa sauti kimoja, Duo-Sonic viwili, kisha akafupisha uzi ili vidole vidogo vifike. Basi mambo mawili yasiyohusiana, urahisi wa bei na ufupi wa uzi, yakaingia sokoni ndani ya chombo kimoja, na watu wakayaunganisha. Lakini kiwanda chenyewe hakikuamini hivyo. Mwaka 1962 Fender walitoa Jaguar, na hiyo ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha yao, ghali kuliko Stratocaster. Uzi wake ulikuwa inchi 24. Gibson walikuwa wametangulia: mwaka 1955 walitengeneza Byrdland, gitaa la kifahari lenye mwili mwembamba na uzi wa inchi 23.5, na jina lake likatokana na majina ya Billy Byrd na Hank Garland, wapigaji wa kazi wa Nashville. Mabwana hao hawakuwa wanafunzi wa mtu. Uzi mfupi uliwapa nafasi ya kushika noti zilizoachana mbali na kupita shingoni kwa kasi. Anayesema ufupi ni alama ya uchanga atueleze kwa nini viwanda viwili vikubwa vya Marekani viliuweka kwenye magitaa yao ya gharama kubwa.

Ushahidi mwingine uliwahi kuonekana na zaidi ya theluthi moja ya Wamarekani kwa usiku mmoja. Tarehe 9 Februari 1964, The Beatles walipopiga kwenye kipindi cha Ed Sullivan mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, John Lennon alikuwa ameshika Rickenbacker 325, gitaa lenye uzi wa inchi 20.75, mfupi hata kuliko wa Duo-Sonic. Wimbo wa kwanza ulikuwa "All My Loving", na anayeujua anajua kazi ya mkono wa Lennon ndani yake: mapigo matatu matatu, ya haraka, yasiyopumzika. Gitaa hilo alilinunua Hamburg mwaka 1960, siku za umaskini. Mwaka huohuo wa 1964, tayari ni tajiri, alipata Rickenbacker jipya, nalo lilikuwa na urefu uleule.

Wabishi hujibu kwamba mifano ya watu maarufu haithibitishi kitu, kwa kuwa mtu mwenye kipaji hutoa muziki hata kwenye kopo. Sawa, tuwaache watu tuangalie uzi. Noti inayotoka hutegemea urefu wa uzi, uzito wake na mkazo wake. Ukifupisha uzi bila kubadilisha noti wala unene, mkazo hushuka kwa kiasi cha urefu uliozidishwa kwa wenyewe: toka inchi 25.5 hadi 24, mkazo hupungua kwa asilimia 11 hivi, na ukifika inchi 22.5 hupungua kwa asilimia 22. Hapo ndipo inaposemwa kwamba gitaa "halina nguvu". Sasa chukua Stratocaster, ishushe nusu toni, kama alivyofanya mara nyingi Jimi Hendrix na baada yake Stevie Ray Vaughan. Mkazo umepungua kwa asilimia 11 ileile. Kisha bana kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza: noti zinarudi pale pale, na uzi unaobaki ni inchi 24 na kidogo sana. Umepata urefu wa Mustang, mkazo wa Mustang na noti za Mustang, kwenye gitaa ambalo hakuna anayethubutu kuliita la watoto. Kapo kwenye freti ya pili inakuachia chini ya inchi 23, na katika bendi za rumba za Kongo na za kwetu kapo ni kifaa cha kawaida. Wapigaji hao wanatumia uzi mfupi jukwaani bila mtu kuwadharau. Na kama mkazo mwepesi unakukera, weka seti ya nyuzi nene zaidi, namba 11 badala ya namba 10, na sehemu kubwa ya mkazo uliopotea itarudi.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa wanaojua piano. Wanasema piano kubwa ya ukumbini huimba vizuri kuliko piano fupi kwa sababu nyuzi zake nene ni ndefu. Zikifupishwa lazima zinenepeshwe, zinakuwa ngumu, na sauti zake za juujuu zinaanza kukwaruzana. Ni kweli kabisa. Ila piano ya ukumbini ina karibu mita 2.7 na ile fupi ya sebuleni ina kama mita 1.5, tofauti inayokaribia nusu. Kati ya Stratocaster na Mustang ya inchi 24 tofauti haifiki asilimia 6. Kitu kinabadilika, ndiyo: pigo huwa laini, noti huwa ya duara zaidi, na uzi hukubali kuvutwa kwa kidole hadi mahali ambapo uzi mrefu ungegoma. Hiyo ni tabia ya chombo. Kuiita kasoro ni kuamua mapema kwamba sauti ya Stratocaster ndiyo kipimo cha sauti zote. Ninalokubali bila kinyongo ni hili: anayeshusha gitaa toni nzima au zaidi ili apige muziki mzito wa metali anahitaji uzi mrefu, maana ule mfupi utalegea. Na mwenye vidole vinene atabanana kwenye freti za juu.

Kuhusu dai kwamba uzi mfupi haukai kwenye tyuni, watu wanamtaja mpiga gitaa wa roki Kurt Cobain, aliyeipenda Mustang kuliko magitaa mengine na bado akalalamika kwamba haikai kwenye tyuni. Shahidi huyu nampokea kwa furaha. Mustang ina daraja linaloyumba juu ya nguzo mbili, na nyuma yake mkono wa kutikisa sauti. Ukiutumia, nyuzi husogea na huenda zisirudi zilipokuwa. Mustang za Cobain ziliwekewa madaraja mengine yasiyoyumba, na urefu wa uzi haukuguswa. Tatizo lilikuwa chuma, na dawa ilikuwa kubadilisha chuma. Musicmaster, yenye uzi mfupi lakini isiyo na mkono huo, haina ugonjwa huo.

Limebaki dai la umaskini: kwamba Cobain na wenzake wa Seattle walishika magitaa haya kwa kuwa yalikuwa rahisi kwenye maduka ya mitumba baada ya Mustang kuachwa kutengenezwa mwaka 1982. Ndivyo wengi walivyoanza, sikatai. Lakini albamu yao "Nevermind" ilipotoka Septemba 1991 na kuuzwa kwa mamilioni, bei ilikoma kuwa sababu. Katika ziara ya albamu iliyofuata, "In Utero", Cobain alipiga hasa Mustang mpya zilizotengenezwa Japani, na gitaa alilochora mwenyewe kwa ajili ya Fender, Jag-Stang, lilikuwa na uzi wa inchi 24. Johnny Marr, ambaye enzi za The Smiths alipitia Rickenbacker na Telecaster, alihamia Jaguar baadaye akiwa na uwezo wa kununua chochote, na mwaka 2012 Fender wakatoa Jaguar yenye jina lake. Umaskini hauelezi uamuzi wa matajiri.

Kinachoniumiza ni gharama anayolipa anayeanza. Kushika freti ya kwanza na ya nne kwa pamoja kwenye gitaa la inchi 25.5 ni kutanua vidole katika nafasi inayoishia sentimita 13.4 kutoka kichwani mwa shingo. Kwa inchi 22.5 nafasi hiyo inaishia sentimita 11.8. Kwa mwenye kiganja kidogo, na wengi wao ni wanawake watu wazima, sentimita hiyo moja na nusu huamua kama mkono utauma au utapiga. Naye anaambiwa avumilie, eti gitaa la saizi yake ni la watoto na atalijutia, na wapo wanaoacha muziki wakiamini mikono yao ndiyo yenye hitilafu. Muuzaji amwambie urefu wa uzi kwa inchi na unene wa nyuzi zilizofungwa, ampe magitaa mawili, refu na fupi, kisha anyamaze wakati mnunuzi anapiga.