Acheni kufomati kila kitu!

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Leo narudi nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Dada yangu ana duka la kuchapa na kunakili karibu na chuo kimoja. Ana tarakilishi tatu (wengine mtasema kompyuta, sina ugomvi). Mwezi wa Juni ndio mavuno yake, watu wanapanga foleni ili awajazie ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Juni iliyopita tarakilishi yake kubwa ikaanza kuganda. Si kila siku, wala haikuwa na mpangilio wowote. Mara asubuhi akifungua barua pepe, mara saa tisa akiwa katikati ya fomu ya mteja, mara imewashwa tu na hakuna anayeigusa. Picha inasimama, kipanya hakisogei, inabidi aizime kwa kitufe.

Akaita fundi. Fundi akaitazama dakika tano, akasema, "Madam, hii ni virusi. Tufomati tu." Shilingi 1,500. Ikatulia siku nne, ikaganda tena. Fundi akarudi, akasema Windows haikuingia vizuri, akafomati tena na kumpunguzia bei hadi 1,000. Siku tatu. Mara ya tatu akafuta diski nzima pamoja na ile sehemu ya D ambako dada alikuwa akiweka kazi za wateja: tasnifu za wanafunzi, wasifu, mikataba ya nyumba, miaka sita ya kazi. Eti virusi vilikuwa vimejificha huko. Nakala ya akiba hakuna. (Ndiyo, nimeshamgombeza kuhusu hilo, na yeye amenigombeza kwa kutopokea simu.)

Nilipofika nyumbani, kazi yangu ilikuwa ya usiku mmoja, tena nikiwa nimelala. Niliweka Memtest86+ kwenye flashi, nikawasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, nikaenda zangu kitandani. Asubuhi skrini imejaa mistari myekundu. Mashine ilikuwa na vipande viwili vya RAM. Nikapima kimoja kimoja, katika nafasi ile ile: cha kwanza safi, cha pili makosa yakaanza kumwagika kabla sijamaliza chai. Nikakitoa. Mashine haijaganda tena hadi leo.

Sasa, kwa nini kufomati kulionekana kusaidia? Hapa ndipo mafundi wengi wanapojidanganya, na sidhani wote ni matapeli. Windows mpya ni nyepesi. Haina programu kumi zinazoanza pamoja nayo, haina kivinjari chenye kurasa arobaini. Inatumia sehemu ndogo ya kumbukumbu, na kama seli mbovu iko mahali pasipo na kitu muhimu, hakuna atakayejua. Siku zinavyopita programu zinaongezeka, kumbukumbu inajaa, na siku moja kitu nyeti kinaangukia pale pale penye kasoro. Mteja anaona siku nne za raha na anamsifu fundi. Tena kuna kichekesho hapa: fundi aliposema Windows haikuingia vizuri, huenda alisema kweli! Kila faili inayonakiliwa wakati wa kuweka Windows hupita kwenye RAM. RAM ikiwa mbovu, unaweza kuandika uharibifu kwenye diski kwa mikono yako mwenyewe.

Mimi huandika programu kwa riziki, na najua kosa la programu lina tabia yake. Mara nyingi hurudi mahali pale pale: ukibonyeza kitu fulani, inaanguka. Hitilafu ya chuma mara nyingi haina adabu hiyo. Inaua programu yoyote, saa yoyote. Kwa hivyo kabla ya kugusa diski ya mtu, washa mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi na uitumie saa kadhaa. Ikiganda huko nako, Windows na virusi vyake hawana hatia, na kufomati ni kumwibia mteja.

Ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, moyo wa mfumo bado unapiga, na huenda ni programu moja iliyokwama au diski inayosuasua. Kama kipanya kinasogea lakini hakuna kinachofunguka na taa ya diski haizimi, soma ripoti ya SMART. Idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri ikiwa inapanda, nakili data kwanza, maswali baadaye. Ila usiiamini SMART kupita kiasi. Wahandisi wa Google walipochunguza zaidi ya diski 100,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2007, zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote. Joto nalo ni la kuangaliwa: vumbi kwenye feni ni jambo la dakika kumi na brashi. Pawasaplai ni ngumu zaidi kuipima, na njia rahisi ni kuazima nyingine iliyo nzima.

"Itapona yenyewe" nayo tuizike. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wa takriban tarakilishi milioni moja za watu wa kawaida. Mashine iliyoanguka mara moja kwa hitilafu ya chuma ilikuwa na uwezekano wa kuanguka tena hadi mara 100 zaidi.

Najua mafundi mtasema mteja hataki kulipia kupimwa, anataka kuona umefanya kitu, na anataka leo. Ni kweli, na sisi wateja tuna lawama hapo. Lakini kipimo hakigharimu kitu. Memtest86 ya kwanza iliandikwa na Chris Brady mwaka 1994, na Memtest86+ iliyotokana nayo ni ya bure. Windows yenyewe imekuja na kipimo cha kumbukumbu tangu Vista ya 2007. Toza 500 za kupima, uiache mashine usiku kucha, asubuhi mwonyeshe mteja skrini. Kosa hata moja linatosha kukufanya utoe vipande na kupima kimoja kimoja. Pasipo na kosa usiape kwamba RAM ni nzima, maana nyingine husumbua ikiwa na joto tu, lakini angalau umeanza mahali pa kuanzia.

Wanafunzi wawili walirudi dukani kutafuta tasnifu zao. Mmoja alikuwa na nakala kwenye barua pepe. Wa pili ameanza kuchapa upya kutoka kwenye karatasi, na dada hamtozi.

Fundi nimempigia simu. Alinisikiliza, akakaa kimya kidogo, akauliza kama hiyo programu inaingia kwenye flashi ya GB 2. Inaingia. Nitampelekea Jumamosi.