Kabla ya Kuomba Pampu Mpya, Tuulize Daftari Liko Wapi

Kampeni zimeanza tena. Wiki hii peke yake nimewasikia wagombea watatu wakisimama mbele ya bweni letu na kuahidi kitu kile kile: "Mkinipa kura, pampu mpya mtaipata." Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga ndoo. Mimi sikupiga. Siyo kwamba maji siyahitaji. Naishi ghorofa ya nne, na mtu wa ghorofa ya nne hana ubavu wa kudharau maji. Sikupiga makofi kwa sababu mwaka jana ahadi hiyo niliitoa mimi, nikaitimiza, na nikaona ilivyoishia.

Ngoja niseme yote. Mwaka jana nilikuwa mwakilishi wa bweni. Pampu ya kupandishia maji ilikuwa imekufa, tukaandika barua, tukafuatilia, tukakaa vikao hadi usiku. Sehemu ya hela ikatoka kwenye mfuko wetu wa wanafunzi, pampu mpya ikaja, tukapiga nayo picha. Nipo kwenye picha hiyo, nimeishika kama ng'ombe wa mahari. Haikumaliza muhula. Iliungua wiki mbili kabla ya UE, tukarudi kwenye ndoo. Wiki hizo ndipo dada mmoja wa mwaka wa pili, chumba cha jirani, alipoteleza ngazini alfajiri na ndoo ya lita 20. Alivunjika kifundo cha mkono, mkono wa kuandikia. Wenzake walipomaliza mitihani, yeye alibaki akisubiri mitihani maalumu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Likizo ndefu nikarudi nyumbani, Ujiji. Mjomba wangu ni fundi na mlinzi wa mitambo kwenye hoteli moja ndogo ya ghorofa nne, huku mjini Kigoma. Siyo injinia. Alianza na injini za boti za dagaa ziwani, akahamia kwenye pampu. Mchana mama alikuwa ananituma nimpelekee ugali wa muhogo na migebuka, na siku ya kwanza nilimkuta kwenye kile chumba kidogo nyuma ya hoteli, amekaa tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Weka hapo, kisha sikiliza."

Nikasikiliza. Sikusikia la maana, mvumo wa chini tu, kisha kimya kirefu.

"Husikii kitu, eeh? Ndivyo inavyotakiwa."

Nikacheka, nikamhadithia ya kwetu. Pampu yetu ilikuwa inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, usiku kucha, ka! ka! ka! Tuliizoea hadi tukaipa jina, tukaiita Jogoo. Mjomba hakucheka. Alisema, "Hiyo ilikuwa inaomba hewa, na ninyi mmelala."

Akanionyesha. Pembeni ya pampu kuna tangi dogo la chuma ambalo wengi wetu hudhani ni sehemu ya kuhifadhia maji. Ndani yake mna mpira, upande mmoja maji, upande mwingine hewa. Pampu ikisukuma, maji yanaibana hewa. Ukifungua koki kidogo kunawa mikono, hewa iliyobanwa ndiyo inayoyasukuma maji nje, na pampu inapumzika. Hewa ikipungua, hakuna kinachobanwa, kwa sababu maji hayabaniki. Basi mtu akinawa tu presha inaanguka, pampu inawaka, akifunga, inazima. Na kila mota inapowaka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikiwa imeshachanganya. Mota iliyotengenezwa iwake mara chache kwa saa ikiwashwa mamia ya mara kwa usiku mmoja, haihitaji mchawi ili iungue.

Dawa yake ni pampu ya baiskeli. Sitanii. Tangi lile lina kivalvu kama cha tairi. Unazima umeme, unamwaga maji ya upande wa pampu, unapima hewa kwa geji ya tairi. Kama pampu imepangwa kuwaka presha ikishuka hadi baa 2 (siyo baa ile mnayoifikiria), hewa inatakiwa iwe pungufu kidogo, kama baa 1.8. Ukibonyeza kivalvu yakatoka maji badala ya hewa, ujue mpira umepasuka, badilisha. Mjomba anafanya hivyo kila mwezi, na haimchukui hata saa moja.

Kisha akaniuliza swali lililonikosesha raha likizo nzima: "Siku ilipoungua, tangi la chini lilikuwa na maji?"

Halikuwa nayo. Wiki ile kulikuwa na mgao, simtanki za chini zilikuwa zimekauka. Akauliza kama kuna floti, ile swichi inayoelea ndani ya tangi na kuizima pampu maji yakiisha. Sikujua. Akanieleza kwa nini aliuliza. Kwenye shafti ya pampu kuna sili, inayozuia maji yasipite kwenda kwenye mota. Sili hiyo inapozwa na kulainishwa na maji yale yale inayoyazuia. Pampu ikizunguka kavu, sili inapata moto na kupasuka ndani ya dakika chache. Maji yakirudi yanavuja, yanaingia kwenye beringi, halafu kwenye mota. Pampu haifi siku ile ile. Inakufa baadaye, na aliyeiua hajulikani.

Chuo kilipofunguliwa nilimwomba fundi wa kampasi anionyeshe. Floti ipo. Nyaya zake zimeunganishwa moja kwa moja na kufungwa utepe, ili pampu iwake hata tangi likiwa tupu. Utepe wenyewe ulikuwa na vumbi la miaka. Maana yake pampu ya zamani ilikuwa inakauka vile vile, na sisi tukaileta mpya tukailaza kwenye kitanda kile kile chenye kunguni. Fundi simlaumu. Yuko peke yake kwa mabweni yote, na hajawahi kupewa hata karatasi inayosema afanye nini lini.

Hapo ndipo nilipoielewa thamani ya kitu kingine nilichokiona kwa mjomba: kaunta buku ya kwaya mbili, imening'inizwa ukutani kwa kamba. Kila siku anaandika tarehe, presha, ampea na neno moja au mawili. Ana pampu mbili, na kila Jumamosi anazibadilishana, wiki hii ya kwanza inafanya kazi na ya pili inapumzika, ili hata ile ya akiba isigande kwa kukaa. Siku hiyo hiyo anainyanyua floti kwa mkono aone kama bado inakata umeme. Umeme ukififia, na sisi wa Kigoma tuliolelewa kwenye umeme wa majenereta ya dizeli tunaujua umeme ukififia, anazima pampu na kuandika. Mimi nasoma uhasibu, nikaisoma ile kaunta buku kama leja. Ukurasa mmoja ampea za pampu ya pili zilikuwa zinapanda kidogo kidogo kwa wiki tatu. Jumatatu ameandika "inalia". Alhamisi ameandika "beringi mpya". Ampea zikashuka. Beringi mbili ziliokoa mota nzima, kwa sababu mtu alikuwa anaandika.

Sisi wa kule tuna mfano mkubwa zaidi wa jambo hili. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa huko. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua, ikabeba watu ziwani kizazi baada ya kizazi. Watu walio vitani, wanaizamisha meli yao kwa mikono yao, walipata muda wa kupaka grisi. Sisi hatuna vita na mtu.

Ziwa lenyewe linafundisha. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 na hubeba takriban moja ya sita ya maji baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Hata hivyo nimekua nikiona watu wa milimani wakinunua maji kwa ndoo huku ziwa wanaliona pale chini, bluu tupu. Maji hayapandi kwa kuwa ni mengi. Kila mita 10 za kwenda juu zinadai baa 1 ya presha, na lazima kiwepo kitu cha kuisukuma, na mtu wa kukiangalia kitu hicho. Mlima au ghorofa, hesabu ni moja.

Najua mtakayosema. La kwanza: "Hiyo ni kazi ya utawala, sisi tumelipa hela ya malazi." Kweli kabisa, na sitaki mwanafunzi yeyote afungue boksi la umeme akafie humo. Ila mwenye kulipa ana haki ya kuuliza, na sisi tumekuwa tukiuliza swali rahisi kuliko yote: pampu mpya lini? Swali hilo utawala unalipenda. Pampu mpya inaingia kwenye bajeti ya manunuzi, ina risiti moja kubwa, ina picha. Sili, beringi na siku ya fundi havina picha. Hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe kwa ajili ya grisi, wa utawala wala wa kwetu. Mimi mwenyewe nilipiga picha na pampu, sikupiga na floti.

La pili: "Pampu zenyewe siku hizi feki." Inawezekana. Lakini bila kumbukumbu huwezi kutofautisha pampu feki na pampu iliyouawa. Ukienda kwa aliyekuuzia kudai dhamana, atakuuliza ilikuwa inafanyaje kazi, nawe utabaki kukuna kichwa. Daftari ni ushahidi, kwetu na kwa fundi pia, maana siku ikiungua yeye ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole.

Basi naomba bunge la wanafunzi lipeleke mambo manne kwa utawala, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Floti zote zirudishiwe nyaya zake na zijaribiwe kila wiki. Hewa ya matangi ya presha ipimwe kila mwezi. Kila chumba cha pampu kiwe na daftari, na mwakilishi wa bweni aruhusiwe kulisoma. Na kila mwaka itengwe hela ya vipuri na ya fundi msaidizi kabla pampu haijafa. Zikiwemo pampu mbili, zipokezane. Nasi tuna sehemu yetu. Tukisikia Jogoo anawika usiku, tutoe taarifa asubuhi, tusimpe jina.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta mara mbili kwa hela zetu, na ufa bado upo, umefungwa utepe wenye vumbi.

Kwa hiyo mgombea akija tena mbele ya bweni na pampu yake mdomoni, msimzomee. Muulizeni kwa adabu: daftari litakaa wapi, nani ataliandika, na wewe utalisoma siku gani? Akijibu hayo matatu, kura yangu anayo. Na yule dada wa chumba cha jirani, ambaye sasa anapandisha ndoo kwa mkono wa kushoto, ameniambia na yake anayo.